Waliochoma Majani Yangu

Niliokoka kwa kunyoosha mkono, na asije mtu akaniambia nilirubuniwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinaingia: wanunuzi binafsi wa kahawa, mitumba, na wahubiri wenye jenereta na spika. Huyo wetu alitoka Dar es Salaam na kwaya yake, akafanya mkutano wa wiki mbili hapa Mbuji. Aliposema, "Mungu anakuita wewe," nilijua ni mimi. Nikaenda mbele nalia.

Kesho yake akatoa masharti. La kwanza pombe: kunywa dhambi, kupika dhambi, kumpa jirani dhambi. Nikasema amina. Lakini ulikuwa mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu sisi Wamatengo tunachimba ngoro, mashimo yetu ya kilimo. Mume wangu alishafyeka shamba la mteremkoni, akayapanga majani kwa miraba ili yakauke, kisha akateremka ziwani Lipingo kununua usipa, dagaa wa kuuza. Iliyobaki ni kazi ya wanawake: kuchimba udongo katikati ya kila mraba, kuyafukia majani yawe matuta, kupanda maharage juu yake. Peke yako huwezi. Unapika pombe, majirani wanakuja na majembe, jioni wanakunywa. Mvua zikikatika hujachimba, mwaka huo watoto hawali maharage.

Mimi nikapika togwa, isiyolevya. Hakuja hata mmoja! Jirani mmoja alipita njiani akacheka, "Mlokole, si umwite Yesu ashike jembe?" Mama mkwe wangu, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, akasonya: "Umeokoka wewe. Matumbo ya wanao hayajaokoka."

Nikamwendea mhubiri. Akafurahi kweli. "Dada, kesho kwaya nzima iko shambani kwako." Nikachinja jogoo, nikabaki nyumbani kupika.

Nilipofika shambani na sufuria kichwani, nikaona moshi. Jamani! Wameyakusanya majani yote, wameyachoma, na wanaimba! "Tumekusafishia, dada," akasema mhubiri, anajifuta jasho. Hakuuliza mtu. Katoka huko kwao kuja kutuambia tuko gizani, lakini kuuliza majani yale yamepangwa kwa nini, hawezi. Nilipomweleza akacheka, akasema Bwana atarudisha maradufu. Kisha wakamla jogoo wangu mpaka shingo.

Asubuhi mama mkwe akanikuta jikoni nalia. Alichukua mundu, akavaa rozari yake, akapita nyumba kwa nyumba anafoka: "Wajukuu zangu walale njaa kwa sababu ya kopo la pombe? Mwaka jana huyu hakuwalimia ninyi?" Wakaja wanawake tisa, wamenuna. Tukakata majani mapya, tukayapanga wenyewe, kazi ya wanaume, tukayafukia mabichi hivyo hivyo. Tulimaliza nusu ya shamba tu, mvua ikakatika. Walikunywa togwa yangu huku wananisema, nami nikawaongezea.

Jumapili ya kufunga mkutano, mhubiri akaniita nitoe ushuhuda jinsi kwaya ilivyonisaidia shambani. Akanipa kipaza sauti mwenyewe.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Kwaya ilichoma majani yangu, ikala jogoo wangu. Shamba wamelichimba wanawake tisa wanaokunywa pombe, pamoja na mama mkwe wangu mwenye rozari, ambaye mlisema hapa hapa kwamba hataiona mbingu."

Akaninyang'anya kipaza sauti. "Dada, shetani anakutumia."

"Nimeokoka, na sirudi nyuma," nikamjibu bila spika, na watu wote wakasikia. "Aliyeniita ni Mungu, siyo wewe. Wewe niombe msamaha."

Hakuomba. Alipakia spika zake akaenda zake. Tangu siku ile sijapika pombe, hata kopo moja. Na kila mwezi wa tatu wanawake wale wanakuja na majembe yao, wanakunywa togwa yangu, wanaiponda kwa maneno mpaka jua linazama, na kesho yake wanarudi.