Kamba ya Mwalimu Anselmi

Mpaka leo nikinusa mkeka mpya wa ukindu, kifua hunibana. Mkeka wa namna hiyo ndio niliotandikiwa siku nilipovunja ungo, pale Ifakara, miaka ya hamsini, zikiwa zimebaki siku kumi tu nifanye mtihani wa darasa la nane. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa kungwi wa mtaa. Mwali wake hakutoka ndani hata jirani aunguliwe na nyumba.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Anselmi, aliyekosa upadre akabaki na Kilatini chake, alikuwa ametuandikia ubaoni neno la Kiingereza, "restrict". Maana yake, alisema, ni kukiwekea kitu mpaka kisizidi, na asili yake ni neno la Kilatini la kukaza kamba. Akazungushia mzigo wa kuni kamba ya katani, akavuta mpaka magome yakabanduka. Darasa zima tulicheka. Kule mkekani sikuona tena cha kuchekesha.

Siku ya nane nilimsikia mwalimu akibisha hodi. Nikabandika sikio kwenye ukuta wa matete.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwombea binti. Mtihani ni kesho kutwa."

"Marahaba. Mwali hatoki, mwalimu. Unajua hilo."

"Ni asubuhi moja tu, mama."

"Mwacha mila ni mtumwa."

Kisha nikasikia baiskeli ikisukumwa kwenda zake. Nililia, nikamchukia shangazi kwa moyo wangu wote.

Siku ya mtihani, jua halijapanda, shangazi alinifunika kaniki gubigubi akanishika mkono. "Usiinue uso," alisema. Tulipita kando ya mashamba ya mpunga, wanawake wakaacha kulima wakatutazama. Hakuna aliyetusalimu. Akakaa chini ya dirisha la darasa mpaka nikamaliza.

Nilifaulu, na kwa miaka mingi niliusimulia mtihani ule kama ushindi wangu. Nilishakuwa mama nilipotambua kwamba tangu asubuhi ile hakuna aliyemkabidhi tena shangazi mwali wake, naye kazi hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake yote. Nilimuuliza mara moja tu, tukipepeta mchele, kwa nini alifanya vile.

"Niliwaweka ndani wengi," alisema. "Nilikusikia ukilia, nikakumbuka kwamba wao pia walilia."

Akaendelea kupepeta. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa kujua nianzie wapi.