Nilipomchongea Muthomi kwa Maafisa wa Msasa

Msinihurumie. Kosa nililifanya mimi, tena kwa kusudi, nikiwa na akili zangu timamu. Nilitaka kumwona mtu akianguka, na hata leo nikiandika haya moyo wangu haujapoa.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali hapa Embu. Naishi mtaa wa Majimbo na mume wangu. Mimi na Muthomi, mtu wa Laare kunakolimwa miraa, tulikuwa tukifanya kazi meza moja. Tulikula githeri bakuli moja, jamani! Aliponiomba nimdhamini mkopo wa sacco, nilitia sahihi bila hata kusoma. Ofisini kwetu tunadhaminiana hivyo, leo wewe, kesho mimi.

Kwa pesa zile alienda kununua miraa ya shamba zima kwao, ikiwa bado kwenye miti, akingoja bei ipande. Bei ikaporomoka. Akashindwa kulipa, na mshahara wangu mimi mdhamini ukaanza kukatwa. Nilipomuuliza, aliinamisha kichwa.

"Nipe muda, dada."

Muda! Na mimi nakopa unga dukani! Mume wangu sikumwambia, maana alikuwa amenikataza kabisa kumdhamini mtu. Nilimdanganya kwamba serikali imeongeza makato.

Kisha ikatokea nafasi katika chumba cha faili za siri. Mshahara mnono, lakini lazima upigwe msasa kwanza. Wanachunguza tabia yako, wanamhoji mwenzi wako, na madeni ndiyo wanayapekua zaidi, kwa sababu mtu aliyebanwa na deni anaweza kuuza siri. Tuliomba wawili, mimi na Muthomi.

Lo! Nilifurahi kama mtoto siku ya Krismasi. Nikaona Mungu amenipa fimbo ya kumchapia. Kwenye fomu yangu, palipoulizwa kama ninakatwa kwa ajili ya deni lolote, nilijaza "Hapana". Nilitaka nionekane safi, na sikutaka mume wangu aulizwe jambo asilolijua.

Nilipoitwa, nilimchongea bila huruma. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Huyo Muthomi amezama kwa madeni," nikasema. "Mkimpa hizo faili, ataziuza hata kwa mabroka wa miraa!"

Afisa, mama mmoja wa makamo, alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akafungua faili ya Muthomi taratibu.

"Hayo yote Muthomi ameandika mwenyewe. Deni, vile lilianza, na vile analipa pole pole. Ameandika hata jina la mdhamini anakatwa kwa sababu yake. Si ni wewe, madam?"

Sasa ikawa zamu yangu kuinamisha kichwa.

"Deni watu wengi wako nayo," akaendelea. "Shida yetu ni mtu wa kuficha. Mtu akijua kitu unaficha, anaweza kukutisha nayo akutume popote. Bwana yako anajua?"

Ole wangu! Mume wangu alihojiwa wiki hiyo hiyo. Hakunipigia kelele. Alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake Kianjokoma, akakaa huko wiki mbili. Siku hizi tunaishi pamoja, lakini kila mwisho wa mwezi ananiomba hati yangu ya mshahara aisome mwenyewe.

Kazi alipewa Muthomi. Mimi ndiye ninayempelekea faili pale dirishani, nikisubiri atie sahihi.

Na mjue, hata kulipiza kisasi nimenyimwa! Mwezi jana mshahara wangu ulitoka mzima. Muthomi alikuwa amemaliza mkopo, na zote nilizokatwa akanirudishia. Alikuja mezani kwangu akasema, "Asante dada, ulinibeba." Nilitamani aniombe radhi ili nimnyime!

Wewe unayejaza fomu ya serikali leo, andika deni lako lote, hata lile unalokatwa kwa ajili ya mwingine. Mwambie wa nyumbani kwako kabla hajaambiwa na watu wa msasa. Na kama una adui, mwache afisa amchunguze mwenyewe, wewe funga mdomo. Mimi bado namchukia Muthomi, na siku hizi sina hata kitu cha kumdai.