Santuri Nne za Mjomba

Mimi ni mtu wa dansi. Nalisema mapema asije mtu akanidhania vingine. Nikisikia gitaa na saksafoni, miguu yangu haiombi ruhusa. Taarabu kwangu ilikuwa sawa na kusubiri daktari: unakaa, unatazama mbele, unajitahidi usisinzie, na mwimbaji akimaliza ubeti mmoja wewe umeshaota ndoto mbili. Maneno hayo nilikuwa nikiyasema waziwazi nyumbani kwetu Ngamiani, kwenye nyumba ambayo bibi yangu mzaa mama ndiye mkubwa wa chama cha taarabu cha wanawake wa mtaa mzima. Kwamba bado nina meno yote ni rehema ya Mungu.

Na ni kwa sababu ya utani pia. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu, na neno ambalo mama akilisema atalaaniwa, mimi nikilisema huishia kwenye kicheko au kofi la kisogoni, basi.

Jambo moja tu halikutaniwa: Mjomba, mtoto wa kiume wa pekee wa bibi. Alifundishwa fidla na marehemu baba yake, akakipigia chama cha bibi tangu hajaota ndevu, kisha akaondoka kwenda Mombasa kujiunga na bendi inayopiga kwenye mabaa. Bibi akasema mwanawe amekwenda kuwatumbuiza walevi, akakataza jina lake lisitajwe mbele yake. Likawa halitajwi.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, Mjomba akarudi Tanga, ila si nyumbani. Alifikia Raskazone kwa rafiki yake, mpishi wa Mzungu mmoja, akakaa naye kwenye chumba cha watumishi, na kutoka huko akamtumia mama kitabu. Naita kitabu kwa sababu kilikuwa na jalada gumu kama la atlasi ya shule, lakini ukikifunua, badala ya kurasa unakuta mifuko ya karatasi, na kila mfuko una santuri. Zilikuwa nne. Bendi yake ilikuwa imezipiga pamoja na watu wa taarabu, na fidla ilikuwa ya Mjomba mwenyewe. Ujumbe wake kwa mama ulikuwa mfupi: bibi azisikilize. Akipendezwa, yeye atarudi nyumbani. Asipopendezwa, atapanda basi la Mombasa na hatawasumbua tena.

Mama alilia mpaka wali ukaungua. Bibi alikula wali huo bila kusema kitu, na siku nyingine wali ukiungua huwa anasema mengi. Kesho yake akatoa shauri: atasikiliza, lakini pamoja na wanawake wa chama, asije akaambiwa amehukumu kwa hasira.

Wakaja Ijumaa baada ya alasiri, wakajipanga juu ya mikeka na kanga zao za sare, nyuso kama za mahakimu. Kahawa ikapita, kashata zikapita. Gramafoni ya bibi nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa nyumba nzima mkono wangu ndio usiochubua santuri. Kabla ya hapo mama alinivuta uani, akanisihi kwa Mungu na Mtume niufunge mdomo.

"Leo tu, mwanangu," akasema. "Kesho mcheke umtakaye."

Nikaapa. Nikatia ufunguo, nikashusha sindano.

Ikaanza fidla, polepole, inapanda na kujikunja, udi unaifuata nyuma. Taarabu kamili. Mabega ya wanawake yakalegea. Mara likaingia gitaa, tena la rumba, na saksafoni ikaidaka fidla katikati ya neno, kama mgeni anayepiga hodi akiwa ameshakaa kitini. Mabega yakapanda tena.

Shida yao niliiona. Taarabu husikilizwa kwa kukaa, dansi hutaka usimame, na kitu hiki kilitaka vyote viwili kwa pamoja. Wanawake wazima walibaki hawajui waifanyie nini miili yao. Bibi alikuwa akitazama ukuta.

Santuri ya kwanza ikaisha kimya. Ya pili ilichanganya tari na kodiani, na chini yake pigo ninalolijua la ngoma za Wadigo. Kimya vilevile. Mama alikuwa ameuma pindo la kanga yake, na mimi nilishamwona Mjomba ndani ya basi, fidla magotini. Juu ya hayo nilikuwa na aibu yangu ya siri. Kila nilipolikimbilia gitaa, nilikuta fidla imeshakaa pembeni yake, na badala ya kuchukia nilitaka isiondoke. Mtu wa dansi mimi!

Kwenye santuri ya tatu mwanamke akaimba mafumbo kama kawaida yao, lakini juu ya rumba, na kile kimya cha chumbani kikanishinda. Katika taarabu, mtu akiguswa na wimbo huinuka, akaenda kwa maringo hadi kwa mwimbaji, akamtunza pesa mkononi. Basi nikaichukua kanga ya mama iliyokuwa mlangoni, nikaifunga kiunoni, nikaenda kwa mwendo wa mashangazi, nyonga huku, nyonga kule, senti kumi kwenye ncha za vidole, kumtunza mwimbaji asiyekuwepo. Nikaiweka juu ya kisanduku cha gramafoni. Kicheko kimoja kikaponyoka mahali, kikamezwa. Ndipo nikagundua kwamba pesa nimeshatoa, mzaha umeshakwisha, na mimi bado nacheza.

Bibi akainuka. Nilisikia bangili zake nyuma yangu, nikakaza kisogo kulipokea kofi.

Halikuja. Bibi alinipita taratibu, kwa ule mwendo wenyewe niliokuwa nikiuiga, akafungua fundo la kanga yake, akatoa shilingi nzima. Kwa kuwa hakuona mkono wa mtu wa kuupa, akaiweka juu ya santuri, kwenye ile karatasi ya duara ya katikati. Shilingi ikazunguka kama mtoto kwenye pembea ya Idi. Vigelegele vikapasua nyumba.

"Fidla hii nimeizaa mie," bibi akasema. Kisha akanigeukia. "Mume wangu, nenda Raskazone ukamlete. Na umwambie hilo pembe linalolia kama punda aliache huko huko."

Mama alicheka huku analia, akanipiga mgongoni, akaniita mwehu, akanikumbatia. Mimi nilikuwa mwepesi kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Lakini sikuondoka mara moja. Wanawake walitaka santuri zirudiwe, na ufunguo niliutia bila kuombwa. Safari hii nilisikiliza bila hofu, nikasikia vitu nilivyokuwa nimevipita. Nilizoea kudhani fidla kazi yake ni kulia. Katika santuri ya kwanza kuna mahali saksafoni inajigamba sana, halafu fidla inayarudia maneno yake yaleyale kwa sauti nyembamba, na nikatambua kwamba inaitania. Huyo kweli ni mjomba wangu. Nilimwona pia bibi, kidole gumba cha mguu kinamchezacheza, na hakikuifuata fidla, kilifuata gitaa. Sikusema neno. Utani nao una mipaka yake.

Njia nzima ya Raskazone nilikuwa natunga uongo. Nitamwambia bibi amezivunja zote, nimwone anavyokunja uso, kisha nicheke. Nilijizoeza mpaka sauti ya huzuni. Nikamkuta nyuma ya nyumba ya Mzungu, amevaa shati la safari, amekaa juu ya sanduku lake ambalo ameshalifunga kamba. Nikampa shikamoo. Marahaba haikutoka. Alinitazama tu, na uongo wangu nikautupa palepale.

"Amekutunza, Mjomba," nikasema. "Shilingi nzima."

Akainamisha kichwa, mabega yakamshuka. Nikawa nahesabu majani ya mkadi wa jirani. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati, akataka kujua ilikuwa kwenye wimbo upi.