Mhandisi wa Karavani Anataka Nimwombe Radhi

Admin, jina langu liache kapuni. Nina miaka hamsini na mbili, mtu wa Tanga, dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Kila majira ya baridi navuta karavani lao, kijumba cha magurudumu, hadi jangwani nje ya Riyadh. Wanaota moto, wanakunywa kahawa na kulalamika kwamba mtandao hauna nguvu.

Mwaka huu bosi alikuja na mpwa wake, mwenye shahada ya uhandisi na kichwa kitupu kama debe. Akanunua ruta kubwa, akaifungia ndani ya kabati la chuma, eti vumbi lisiingie. Mtandao ulipokufa akanunua ya pili, akaiweka humo humo. Msomi mzima hajui kwamba karavani lenyewe ni sanduku la bati linalozuia mawimbi!

Mimi husoma vitabu vya redio vya mtumba, nikamshauri kwa adabu: antena ikae nje, juu, ielekee mnara ulio upande wa barabara kuu. Akacheka mbele ya wageni.

"Yalla, dereva, kaoshe gari. Vitabu vyako vya mtumba havifundishi haya."

Walipotoka kwenda matembezini nikapanda paa. Antena nikaifunga kwenye mlingoti, waya nikaupitisha dirishani, ruta nikaitoa kabatini. Madam, mke wa bosi, aliporudi akaongea na mama yake kwa video, picha safi kabisa. Bosi akamsifu mpwa, naye akapokea sifa bila kupepesa jicho. Nikasema wazi kwamba kazi ile ni yangu.

Basi mpwa akabadilisha nywila ya mtandao, nisiweze kuutumia. Sasa anataka nimwombe radhi na kusema mbele ya wageni kwamba nilidanganya, ndipo anipe mpya. Bosi naye anasema, "Mwombe radhi, halas, yaishe. Neno moja linakuuma nini?"

Linaniuma kwa sababu Ijumaa hii binti yangu anaolewa. Mimi ndiye walii wake, na shehe amekubali nimwozeshe kwa video. Simu yangu kambini haishiki kitu. Haya naandika kituo cha mafuta nilikotumwa maji, na Ijumaa siruhusiwi kutoka.

Naweza kumpa mdogo wangu uwakala. Lakini binti aliniambia, "Baba, nikisikia sauti ya mtu mwingine, nitajua hukuja."

Nikiomba radhi, nitamdanganyia mjinga mbele ya wajinga wenzake. Nikikataa, mwanangu ataozwa na ami yake. Nyinyi wenye mabinti, niambieni kabla ya Ijumaa: nimeze au niteme?