Bunduki ya Mchezo Iliyokimbiza Soko la Karuba

"Eti Geneviève wa Walikale ana bunduki ya kauboi inayolia."

Athanasie Uwamwezi anayarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Ni asubuhi ya soko hapa Karuba, katika milima ya Masisi, naye anafungua studio yake ya picha, chumba cha mbao ambacho mlango wake unatazama bonde. Anatundika nje kofia pana, kamba ya ng'ombe, na bunduki ya mbao iliyopakwa rangi ya njano kama ndizi mbivu. Wapita njia wanaitazama na kucheka.

"Bacheke tu," anasema. "Muntu anacheka hawezi kimbia."

Kuna wakati asingeruhusu mtu acheke. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na mzazi yeyote anayesoma hapa aisome mpaka mwisho.

Kazi ya Athanasie ni kupiga picha. Vijana wanaochunga ng'ombe kwenye milima hii wanapenda kupigwa picha wakiwa makauboi: mguu mmoja juu ya uzio, kofia imefunika jicho, bunduki begani. Kabla ya harusi, bwana harusi huja na marafiki zake wakijipanga kama watu wa sinema. Picha moja ni franka elfu mbili. Siku ya soko ikiwa nzuri, chumvi, sabuni na mafuta vinapatikana. Ikiwa mbaya, anarudi nyumbani na kofia yake.

Bunduki ya kwanza, hiyohiyo ambayo sasa ni ya njano, aliitengeneza mumewe, Védaste, ambaye ni seremala. Aliichonga kwa mti wa grevilea. Chini yake, mahali pa ile pete ya chuma ambayo makauboi huisukuma mbele na kuirudisha, alipiga misumari mpini wa ndoo kuukuu. Pete hiyo haikusogea. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika.

Ndipo mwendesha pikipiki mmoja akaleta lile neno.

"Mama, ile ya Geneviève, unavuta pete, inalia kac-kac! Batu ba Walikale banapanga mustari. Ya kwako, usinikasirikie, iko mwiko ya bugali."

Geneviève si mtu wa mbali kwake. Walijifunza kazi pamoja kwa mwalimu mmoja, wakitumia kofia moja kwa zamu. Kisha Geneviève akaolewa Walikale, kule msituni, kwenye barabara ya magari makubwa, na Athanasie akabaki na kofia. Alidhani yeye ndiye aliyepata fungu zuri.

Tangu siku ile ya kac-kac hakupata raha. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alifungua simu kuangalia picha za Geneviève, ambazo huzitoa nyeusi na nyeupe. Alizivuta kwa vidole viwili, azikuze, aione ile bunduki vizuri, mpaka picha ikavunjika ikawa vijiboksi vya kijivu. Hata ndani ya vijiboksi bado aliiona nzuri. Alipoulizwa kama Geneviève anaendelea vema, alijibu: "Ananenepa."

"Nilimwambia," anasema Védaste huku akicheka, "kama ile bunduki inakuingiliaka mu ndoto, basi uiombe ikusaidie kuteka maji."

Athanasie hakucheka, kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha kupita mizaha. Patient, kijana mwenye ng'ombe wengi kuliko wenzake wote wa rika lake, alikuwa anamwoa Nadine, na harusi yao ndiyo ilikuwa harusi ya mwaka. Aliyepiga picha za harusi hiyo angeitwa kwenye harusi zote zitakazofuata. Patient alipita studio, akashika mwiko wa bugali, akaurudisha ukutani kwa adabu.

"Mama Athanasie, tunakuheshimu. Lakini Nadine anasikia Geneviève anaweza kuya hapa kupiga foto. Unajua namna iko."

"Ninajua," alisema Athanasie. Usiku ule hakula.

Siku ya soko iliyofuata alikuja Édouard, mchuuzi anayezunguka na mizigo kutoka Hombo, kule kwenye mpaka wa majimbo. Anauza miwani, redio, maua ya plastiki. Safari hii, chini ya maturubai, alikuwa na bunduki mbili za kuigiza, zile za kauboi zenye pete chini.

"Za sinema, Mama. Hazipigi kitu. Risasi haiwezi hata kuingia. Bei ya kirafiki."

Athanasie anasema moyo wake ulipiga kama wa msichana.

Ya kwanza ilikuwa nzito kidogo. Kitako chake kilikuwa mbao kweli. Ukikipiga kwa kucha kinajibu kama mbao. Pete yake ilisogea kwa shida lakini ilisogea sawa, haikuyumba. Ila mdomo wa mtutu ulikuwa na rangi ya chungwa kali.

Ya pili ilikuwa nyeusi, inang'aa, haina rangi ya chungwa hata nukta. Na bei yake ilikuwa rahisi zaidi.

Mke wa seremala hadanganywi na mbao, na Athanasie hakudanganywa. Kidole chake kilipita chini ya mtutu kikakuta mshono, mahali nusu mbili zilipogandishwa. Aliona mistari ya mbao kwenye kitako inajirudia ileile, kama kitenge cha mashine. Aliona skrubu ambazo hazikuwa skrubu, zilikuwa vichwa vilivyochorwa tu. Alipoitikisa, kitu ndani kilicheza kama punje kwenye debe.

"Niliviona vyote," anasema. "Lakini mimi sikuwa naangalia bunduki. Nilikuwa naangalia Geneviève."

Hapo akafanya jambo ambalo mtu wa Masisi tu angelifanya.

Baba yake alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Hakununua ng'ombe aliyesimama mbele yake. "Karibu, kila ng'ombe iko na macho mazuri," alikuwa akisema. Alimwomba mwenye mnyama ampeleke kilima cha pili, ng'ambo ya bonde, naye akabaki huku akitazama. Mgongo ukionekana umenyooka kutoka kule, mwendo ukionekana mzuri, basi ananunua. Watoto wake wote walikua wakijua hivyo: kitu kizuri kinajionyesha kutoka ng'ambo.

"Papa Édouard," akasema Athanasie, "pandisha nayo kule ngambo, nikuone."

"Kule mu mashamba?"

"Kule. Uweke kwa bega, uvute pete."

Édouard alivuka kijito, akapanda. Alipofika juu ya ukingo, jua likiwa nyuma yake, aliweka bunduki nyeusi begani na kuvuta pete. Sauti haikufika sokoni, lakini umbo lilifika. Lilikuwa zuri. Athanasie hakuwahi kuona picha nzuri namna ile, na akawaza jinsi Geneviève atakavyoivuta kwa vidole viwili kwenye simu yake.

"Njo iyi!" akasema kwa sauti, yaani ndiyo hii. "Iyi njo nataka!"

Chini ya Édouard, kwenye mteremko, wanawake walikuwa wanapalilia maharage. Mmoja aliinua kichwa. Jembe lake likaanguka.

Watu wa Masisi, baada ya miaka ya vita, hawahitaji kuelezwa maana ya mtu mwenye bunduki juu ya ukingo. Hakuna aliyepiga kelele mwanzoni. Majembe yaliachwa, vitenge vikafungwa, miguu ikaenda. Kisha mtu akaanza kupiga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele kanisani, na soko zima likainuka. Muhogo ulimwagika. Mama aliyekuwa anauza fromaji, jibini ya milima hii, alibeba mtoto akaacha meza.

"Iko ya mchezo! Iko ya foto!" Athanasie alipiga kelele mpaka sauti ikakwama. Lakini mtu anayekimbia hasimami kusikiliza maelezo.

Ndipo akaona kitenge chekundu kwenye mteremko. Kilikuwa cha Umuhoza, binti yake, mwenye mimba kubwa, aliyekwenda kupalilia asubuhi ile. Kilikimbia, kikaanguka, kikainuka, kikaingia kwenye miti. Hakikutokea upande wa pili.

"Hapo nilikufa," anasema. Anafuta bunduki ya njano ambayo haina vumbi. "Nilikufa nikiwa nimesimama."

Na bado kulikuwa na Édouard. Alipoona watu wote wanakimbia, naye hakuuliza. Aliamini kuna kitu kibaya nyuma yake, akashuka mteremko mbio, bunduki mkononi, akiwafuata wale wanaokimbia. Kadiri alivyokimbia ndivyo walivyokimbia.

Athanasie alimkuta kwenye kijito, anahema.

"Beko wapi?" aliuliza Édouard. "Mama, beko wapi?"

"Nani?"

"Benye kutukimbiza!"

"Njo weye! Weye njo banakimbia! Leta hapa iyo kintu!"

Hakuweza kuibeba. Angeibeba mkononi, angekuwa yeye mtu mwenye bunduki. Angeifunga kwenye kitenge, angekuwa mtu anayeficha bunduki. Akaishika kwa mtutu akaipiga kwenye jiwe. Pigo la kwanza tu ilipasuka kwenye ule mshono. Pete iliruka majini. Ndani hamkuwa na kitu ila springi ndogo kama ya kalamu na kipande cha chuma chepesi, cheupe, kinachovunjika kwa mkono.

"Mama!" Édouard alilia. "Haujalipa!"

"Nitalipa. Nipe beseni yako."

Aliweka vipande vyote kwenye beseni la plastiki, akalibeba kichwani, akapanda njia waliyokimbilia wanawake. Alitembea katikati ya njia, mikono wazi, akiita jina la binti yake, na kila aliyejitokeza kichakani alimshushia beseni aone. Wengine walicheka kwa hofu. Wengine walimtukana. Mama Adelaïde, jirani yake wa miaka yote, alichungulia ndani, akamtazama usoni.

"Athanasie. Ulitaka kutupiga foto ya mwisho?"

Athanasie akalirudisha beseni kichwani, akaendelea kuita.

Umuhoza alipatikana nyuma ya choo cha kanisa, ameketi kwenye majani, kifundo cha mguu kimevimba, mikono yote miwili juu ya tumbo. Alimwona mama yake na beseni.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna muntu amekufa, mutoto yangu."

"Sasa, balikuwa wale wa wapi?"

"Hakuna. Ilikuwa wivu yangu tu, ilipanda mulima."

Umuhoza alilia, kisha akakasirika, na alibaki na hasira hiyo mpaka alipojifungua salama. Mtoto huyo leo amelala kwenye kikapu nyuma ya pazia la studio. Mama yake humwachia bibi siku za soko. Lakini bado hapiti mlangoni bila kuitazama ile bunduki ya njano na kusema: "Iko palepale?" Na Athanasie hujibu: "Iko palepale."

Geneviève alikuja kweli kwenye harusi. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko mrefu mgongoni, na Athanasie, pamoja na yote yaliyompata, aliutazama ule mfuko kabla ya kumsalimu. Wakaingia studio. Geneviève akafungua mfuko.

Bunduki ilikuwa ya plastiki, rangi ya kijani na chungwa, ya kuchezea watoto. Pete yake ilivunjika zamani; ilikuwa imefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi.

"Na ile kac-kac?" aliuliza Athanasie.

Geneviève aliinua simu kama anapiga picha, akatoa sauti kwa ulimi wake mwenyewe: kac-kac. Kamili. Kama chuma.

"Inafanya bashituke kidogo, baweke uso muzuri," alisema. "Ulifikiri nini?"

Athanasie anasema alicheka mpaka akakaa chini. Kisha wivu ukarudi, kwa sababu mwenzake hakuwa amemshinda kwa kununua, alikuwa amemshinda kwa ulimi. Amejaribu ile sauti nyumbani, anapokuwa peke yake. Haitoki. Védaste anasema inafanana na mbuzi anayekohoa.

Katika harusi ile hakuna bunduki iliyotumika. Nadine, bibi harusi, alikuwa mmoja wa waliotupa jembe siku ile. "Kama kuna bunduki, hata ya karatasi, mimi siko mu foto," alisema. Patient alipigwa picha akiwa na fimbo yake ya kuchungia. Athanasie na Geneviève walipiga picha pamoja, kila mmoja upande wake, wakinyang'anyana mwanga.

Sasa Védaste anachonga mpya, ya mbao, yenye pete inayosogea. Itakuwa ya njano pia, mpaka ndani ya pete. Athanasie anataka iwe tayari kabla ya harusi za kiangazi, na anataka Geneviève aione. "Nataka aivute kwa vidole viwili," anasema, bila aibu.

Wachuuzi bado wanapita na bunduki za kuigiza za bei rahisi, na vijana bado wanazitaka. Kwa wazazi, na kwa wenye studio, Athanasie aliomba yaandikwe haya, kwa maneno yake:

Usinunue isiyo na rangi kali kwenye mdomo. Ukiipata nayo, usiikwangue.

Usinunue yenye mshono chini ya mtutu. Pitisha kidole, usipitishe jicho.

Usinunue mbao ambayo mistari yake inajirudia. Hiyo ni karatasi juu ya plastiki.

Usinunue inayocheza ndani ukiitikisa, wala yenye pete inayoyumba.

Usinunue yenye skrubu za kuchora. Siku ikivunjika hakuna wa kuifungua.

Usiibebe wazi njiani, wala usiifungie kwenye kitenge. Ifungue vipande, ibebe kwenye beseni, watu waone.

Usimpe mtoto aishike nje ya chumba.

Usinunue siku unayomfikiria mwenzako.

Na usiipime kutoka ng'ambo. Ng'ombe ndiye hupimwa kutoka ng'ambo. Aliye ng'ambo hajui kama unacheza.