Mkono wa Kushoto

Binti yetu alijionyesha ni nani kabla hajaanza kutambaa. Kila kitu alikidaka kwa mkono wa kushoto: kijiko, ndevu za babake, hereni zangu. Ukimpa kitu mkono wa kulia, alikihamisha kwanza ndipo akitazame. Mimi na mume wangu tulikuwa tukicheka hadi machozi.

Mavyaa, mama wa mume wangu, hakucheka. Alikuja kwetu Timbwani kuniangalilia mtoto niliporudi kazini. Siku moja niliwahi kurudi nyumbani, nikamkuta mwanangu amekalishwa mbele ya sahani ya wali, mkono wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kipande cha leso yangu.

"Mtoto wa kike ale kwa mkono wa chooni? Mtanitia aibu kwa watu," akaniambia.

Nilipandwa na hasira. Na nikasema nini? Nikasema, "Haya, mama." Mume wangu naye, aliyekuwa akijisifu kwa wenzake kwamba bintiye ana msimamo, akaniambia nivumilie, mamake ni mtu mzima. Miezi mitatu tulinyamaza, wallahi. Aliyefunga nilimkasirikia. Sisi tuliotazama, hadi leo sijatusamehe.

Mavyaa alipokwenda kwao, nilipika wali wa nazi, nikampakulia mwanangu na kumwachia mikono yote miwili. Hakugusa chakula. Aliniangalia, akaninyooshea mkono wa kushoto, akangoja nimfunge.