Opali ya Bluu Iliyopasuka Kwenye Sendofu

Jiwe lilipasuka shingoni mwa mdogo wangu, na hakuna mtu aliyekuwa ameligusa.

Ulisikika mlio mdogo, kama punje ya mahindi inaporuka kwenye kikaango. Kipande kikadondoka juu ya gauni lake.

Muziki ukakatwa.

Aliyesimama kwanza ni Josephat, bwana harusi mtarajiwa.

"Mchawi yumo humu ndani!" alisema. Kisha akamnyooshea kidole Shangazi Eugenia. "Si wewe uliyempa hilo jiwe?"

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 1996, katika ukumbi mmoja wa Nyakato. Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wangu Gladness kabla ya harusi. Shangazi Eugenia ndiye aliyetulea sisi wawili tangu wazazi wetu walipofariki.

Kwa vijana wanaosoma hapa, naomba mwelewe jambo moja. Miaka ile, mama mzee akiitwa mchawi mbele za watu, habari haikuishia kwenye maneno. Wengine walihama makwao. Wengine hawakupata nafasi ya kuhama.

Shangazi alijua hivyo.

Sasa niwaeleze Josephat alikuwa nani.

Alikuwa mnunuzi wa dhahabu pale Mabatini. Soko huria lilikuwa limezaa watu wa namna yake kwa wingi. Alivaa pete nne, mkufu mnene, na miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Alizungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo amekuja kuomba kazi.

Alikuwa na elimu moja tu: dhahabu huchomwa kwa moto. Ikistahimili, ni halisi. Kwa elimu hiyo aliupima ulimwengu mzima.

Mimi nilisomea usonara chuoni. Shangazi alipotaka kumpa Gladness zawadi, tulikwenda pamoja kutafuta jiwe. Alitaka kito cha opali ya bluu.

Mfanyabiashara alitumwagia mawe mezani.

La kwanza lilikuwa na viputo vya hewa ndani. Hicho ni kioo. La pili nililisugua kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, pamba ikageuka bluu. Limepakwa rangi. La tatu lilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. La nne lilikuwa na bluu tulivu, yenye ukungu wa maziwa, na mwanga ulipita sawasawa pande zote.

"Prudencia," Shangazi alisema, "mbona unakagua jiwe kama unakagua mkwe?"

"Mkwe angekaguliwa hivi, Shangazi, tusingekuwa na Josephat."

Alicheka mpaka akashika meza.

Nililichonga kwa mkono, taratibu, huku nikililowesha maji ili lisipate joto. Nilitengeneza umbo la punje ya kahawa, kwa sababu Shangazi alisema, "Kwetu Bukoba mgeni hupewa kahawa atafune. Nataka mwanangu aende kwa watu na kahawa yake." Nikalifunga kwenye fedha, likawa kidani.

Nilimweleza Gladness namna ya kulitunza, na Josephat alikuwepo. Opali ina maji ndani yake. Joto kali huyafukuza maji hayo, na jiwe hupasuka. Usilichemshe. Usilianike juani. Usilipake mafuta wala manukato. Lifute kwa kitambaa laini chenye unyevu, na ulihifadhi peke yake, maana vito vigumu hulikwaruza.

Josephat alipiga miayo.

"Mke wangu havai kitu ambacho sijakipima," alisema, akakitia kidani mfukoni.

Alikirudisha siku ya sendofu yenyewe. Alimvisha Gladness kwa mbwembwe mbele ya kamera ya video, na yule mpiga picha akaisogeza taa yake kubwa mpaka karibu na kifua cha bibi harusi. Taa zile zilikuwa na joto la kukaushia dagaa.

Ndipo jiwe likapasuka.

Nilikwenda mbele na kukivua kidani. Nyuma ya fedha palikuwa na weusi wa moto. Vidole vyangu vikateleza. Nikanusa: mafuta ya nazi.

"Shemeji," nilimwambia, "umelichoma hili jiwe?"

"Nimelipima," alijibu kwa majivuno. "Mimi sidanganyiki. Kitu halisi hakiogopi moto. Hiyo ni feki."

"Ni feki au limerogwa? Chagua moja."

Watu wakaanza kuguna. Rafiki yake, Chenge, akamvuta koti. "Kaka, kaa chini."

"Niache! Feki ni feki!"

"Na haya mafuta?" niliuliza.

Akairekebisha miwani yake.

Nikawageukia wageni. Niliwaeleza kwamba ufa wa opali ukipakwa mafuta hufichika kwa muda. Mafuta yakikauka, hasa chini ya taa ya moto, ufa hurudi. Hakuna anayepaka mafuta jiwe lisilo na ufa. Hupaka aliyeona nyufa.

Maana yake ilikuwa rahisi. Josephat alilichoma jiwe. Alilishuhudia likipasuka. Akauficha ufa, akamvisha mchumba wake, kisha akawa wa kwanza kumwita mama mzee mchawi.

Mama yake Josephat alijifunika uso kwa kitenge.

Gladness aliinuka, akachukua kiberiti cha gesi kilichokuwa juu ya pakiti ya sigara ya Josephat, akakiwasha.

"Leta kidole."

"Nini?"

"Kile ulichomnyooshea Shangazi. Kiweke hapa. Kitu halisi hakiogopi moto."

"Gladness, usinidhalilishe mbele za watu."

"Kiweke, bwana. Tukupime."

Josephat alirudi nyuma hatua moja, akajikwaa kwenye waya wa taa ya video, na miwani yake ikaanguka. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hata Chenge alicheka, na huyo alikuja kwa gari la Josephat.

Gladness akazima kiberiti. "Rudini kwenu," aliwaambia Josephat na watu wa upande wake, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Chakula mfungiwe, maana wazee wenu hawana kosa."

Kisha akamshika Shangazi mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile kilichopambwa kwa maua.

Hakukuwa na harusi. Josephat alieleza mjini kote kwamba yeye ndiye aliyemwacha. Aliyekuwa ukumbini hakuhitaji kubishana naye.

Nimesimulia haya kwa sababu naulizwa kila mara jinsi ya kuchagua opali. Nimekwisha kuwaambia: tazama viputo, tazama rangi, tazama nyufa, na liweke mbali na moto.

Ila jiwe likipasuka, utachonga lingine. Mtu anayeharibu kitu, akaficha ufa kwa mafuta, kisha akatafuta mzee wa kumbebesha lawama, huyo usimpe kidani akitunze. Na binti yako usimpe kabisa.